Kidonda Alichokatazwa Mama Kukitazama

Nilipokuwa mtoto ambaye bado hajavunja ungo, mikono yangu ilikuwa na sifa ambayo sikuiomba: ilihesabiwa kuwa baridi. Kwetu, kule milimani Tarime, mtu mwenye mikono baridi ndiye pekee aliyeruhusiwa kugusa kidonda kibichi cha mwenzake. Watoto walikuwa nayo, na wanawake waliokoma kuzaa. Mwanamke mwenye mimba mikono yake ilikuwa ya moto, na macho yake vilevile. Akikitazama kidonda, kidonda kinakataa kufunga, kinachimba kwenda chini mpaka kigonge mfupa. Ndivyo tulivyoambiwa, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyeuliza ni nani alikwenda kuchungulia huko chini akarudi na habari.

Nasimulia haya nikiwa na hasira, sitaki kuficha. Nauza vitenge Sirari, nabishana bei na Wakenya na Watanzania kutwa nzima, na wateja wangu husema nina mdomo mtamu. Lakini mtu akianza kusema mbele yangu kwamba mwanamke fulani kaharibu kidonda cha mtu kwa kukitazama, utamu wote unaniisha. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na kaka yangu Mwita.

Ilikuwa msimu wa kulima. Mwita alikuwa kijana mdogo anayeongoza ng'ombe mbele ya plau, mama akifuata nyuma akidondosha mbegu, tumbo lake kubwa likimzuia kuinama vizuri. Baba hakuwepo. Alikuwa mlinzi katika kambi ya watalii upande wa Robanda, na alikuja nyumbani mara chache, siku zote akiwa na sukari na haraka ya kurudi. Pale mwisho wa shamba, ng'ombe wakigeuzwa, mmoja alishtuka. Plau ikapinduka, na ule ulimi wake wa chuma ukamchana Mwita muundi kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Mama alifunga mguu kwa kanga yake, akambeba mgongoni, mimba mbele na mtoto nyuma, mpaka zahanati. Mimi nilikimbia pembeni nimeshika viatu vya Mwita, sijui kwa nini nilivichukua.

Pale zahanati alikuwepo nesi aliyeletwa na serikali kutoka Songea, mwanamke mwembamba aliyekuwa akijaribu Kikurya chetu mpaka wagonjwa wanacheka na maumivu yao. Siku ile hakujaribu. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi muda mrefu, akitoa udongo na vipande vya nyasi, akamdunga Mwita sindano ya pepopunda, akashona pale nyama zilipokubali kushikana na kuacha wazi pale zilipokataa. Kisha akaweka gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, akazungusha bendeji, akampa mama nyingine za akiba ndani ya mfuko safi.

"Mama Mwita, sikiliza," alisema. "Kila siku chemsha maji, tia chumvi, yaache yapoe. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chochote. Gozi ikigoma kutoka usiing'oe, iloweshe kwanza, la sivyo unang'oa na nyama mpya. Funika tena na gozi safi, nzi asitue. Kikinuka, au akipata homa, usingoje siku ya miadi. Njoo hata jioni."

"Nimesikia, sista," mama alijibu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyarudia maneno yale kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Aliyafanya yote. Niliona kwa macho yangu nyama mpya ikichomoza ndani ya kidonda, nyekundu na yenye unyevu kidogo, na Mwita akaanza kulalamika kwamba kinawasha. Mama alifurahi mno kusikia kinawasha. Kidonda kinachowasha, alisema, kiko kazini.

Kisha baba mkubwa Chacha, kaka yake baba, akarudi kutoka mnadani. Kwa kuwa baba hakuwepo, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji wetu, yaani boma lote, na alipenda ukubwa huo kuliko ng'ombe wake. Aliingia bila kupiga hodi, akamkuta mama ameinama juu ya mguu wa Mwita, bendeji imefunguliwa, beseni la maji pembeni.

"Shikamoo, shemeji," mama alisema.

Hakuitika. "Nani amekuruhusu kukitazama?"

"Nesi amenielekeza."

"Nesi ni wa ukoo gani?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo, maana halikuwa swali. Baba mkubwa alimwita bibi, mama yao wa kuwazaa, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu na alitembea akipapasa ukuta. Bibi ndiye aliyejua miiko ya vidonda. Zamani, macho yakiwa mazima, vijana waliokatwa kwa panga kwenye ugomvi wa mifugo waliletwa kwake, na wengi waliondoka kwa miguu yao. Aliketi kwenye kigoda akasema, na mimi nilikuwa hapo nikisikia kila neno. Kidonda kiguswe na mwenye mikono baridi. Maji yachemshwe na majani machungu mpaka yabadilike rangi. Kitambaa kichemshwe humo humo, kikaushwe juu ya moshi. Mambo haya yasipofuatwa, kidonda kitaula mguu.

Yote hayo yalikuwa mwiko mmoja, kwa pumzi moja. Baba mkubwa alichukua kipande cha kwanza, akatoka nacho.

Mama alihamishiwa nyumba ya pili, ng'ambo ya zizi la ng'ombe. Alikatazwa kuvuka zizi. Alikatazwa kumpikia Mwita, kwa sababu moto wa mwenye mimba nao ulihesabiwa. Ugali wetu ulitoka kwa mke wa baba mkubwa, umefunikwa kwa sinia. Gozi za nesi zilitupwa chooni kwa kuwa mama alizishika. Bendeji hazikutupwa. Baadaye sana niliiona moja imefunga mlango wa banda la kuku la baba mkubwa, na nadhani kuku hawadhuriki na mikono ya moto.

Na mimi, kwa mikono yangu baridi, nikafanywa mganga.

Fikiria mwenyewe. Jikoni kwetu hapakuwashwa moto tena, kwa sababu mwenye jiko alikuwa ng'ambo ya zizi. Kwa hiyo maji hayakuchemka. Nilichota kwenye kijito palepale ng'ombe walipokunywa. Bibi aliuliza kutoka kwenye kigoda chake, "Maji yamechemka?" na kabla sijafungua mdomo baba mkubwa alijibu, "Mama, maji ya kijito tumenawa tangu tuzaliwe." Bibi hakuona, akanyamaza. Nilipaka mavi ya ndama mabichi nilivyoambiwa, kisha majivu. Baba mkubwa alipoona kidonda kimelowa alinunua kioskini vile vidonge vya rangi mbili, akanifundisha kuvipasua na kumwaga unga wake juu. Kitambaa kilikuwa kipande cha shuka kuukuu. Nilikifua kijitoni na kukianika kwenye miiba ya ua wa zizi, na nzi walikikalia kabla Mwita hajakivaa.

Kila asubuhi kilikuwa kimegandia. Hakuna aliyeniambia nikiloweshe, na aliyejua alikuwa amekatazwa kukaribia. Nilikibandua. Mwita alikuwa karibu na umri wa jando, na kwetu kijana wa umri huo halii. Baba mkubwa alisimama mlangoni kuhakikisha. "Mura, kijana, kaza uso," alisema. Mwita aliuma mkono wa shati lake mpaka ukatoboka.

Mchana nilikwenda upande wa mama. Aliketi ameupa mgongo mji wetu, ili mtu asije akasema aligeuza macho, na aliniuliza maswali akitazama mashamba ya watu.

"Ghati, leo kina rangi gani?"

"Kama kijani, mama."

"Kinanuka?"

"Kinanuka. Kama panya aliyefia kwenye nyasi za paa."

"Ukimgusa paja, huku juu, pana uvimbe?"

Nilikwenda, nikagusa, nikarudi. Palikuwa na mtoki mkubwa, na ngozi ilichoma. Nilipomwambia, mama alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Alikwenda kwa baba mkubwa siku ileile, akasimama mbali, akaomba Mwita arudishwe zahanati. Aliambiwa arudi alikotoka.

Watu wakisikia kisa hiki huniambia nisijilaumu, nilikuwa mtoto. Sijilaumu hata kidogo. Nina hasira, na hasira ni kitu kingine kabisa. Watu wazima wenye macho mawili walimkabidhi mtoto mguu wa mtoto mwenzake, wakamfungia nje mtu mmoja aliyejua la kufanya.

Mwita alipoanza kuongea maneno yasiyoeleweka kwa homa, baba mkubwa alitangaza sababu. Mama amekitazama tena, kwa siri. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakaketi uani kwetu, na mama akasimamishwa mbele yao, miguu imevimba kwa mimba.

"Kidonda hakiponi mpaka mwenye kosa aseme," baba mkubwa alisema. "Sema."

"Sijakitazama, shemeji. Tangu uliponikataza sijavuka zizi."

"Kwa hiyo kimeoza chenyewe?"

Mama aliwatazama wale wazee mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba ukweli haungemfikisha popote, maana nilimwona akivuta pumzi na kubadilika uso.

"Nikisema," aliuliza, "mtaniacha nimpeleke zahanati?"

"Ukisema, zahanati ya nini?"

"Nikisema, nimpeleke. Mkikubali hilo, nasema sasa hivi."

Mzee mmoja, aliyekuwa akikohoa na labda alitaka kwenda nyumbani, alisema, "Mwache ampeleke, mradi aseme."

"Nimekitazama," mama alisema. "Nilizunguka nyuma ya nyumba nikachungulia dirishani."

Nilipiga kelele kwamba si kweli. Nyumba ile ilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilikuwa la chumba cha pembeni, upande wa migomba, mahali ambapo Mwita hakulala hata siku moja. Mtu angechungulia pale angeona magunia ya mahindi. Mke wa baba mkubwa alinifinya mpaka nikanyamaza. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akampulizia mama maji ya kumtakasa, na mama hakungoja hata yakauke usoni. Aliingia ndani, akambeba Mwita, akamweka kwenye karia ya baiskeli ya jirani, akaisukuma yeye mwenyewe mlima mzima, mimi nikimshikilia Mwita mgongo asianguke.

Nesi alipokifungua aliziba pua kwa kiwiko, kisha akageuka na kumgombeza mama. Alimwita mzembe. Alimuuliza gozi alizompa ziko wapi, na mama akatazama sakafu. Nesi hakujua, simlaumu, lakini nakumbuka nikiwaza kwamba dunia nzima ilikuwa imepanga foleni kumgombeza mwanamke yule. Alikiosha, akakata nyama iliyokufa, akadunga sindano, akatafuta gari la kuwapeleka hospitali Tarime mjini. Huko walikaa mpaka mdogo wetu akazaliwa katika wodi ya jirani. Kila siku kidonda kilioshwa na kufunikwa gozi safi, na kila siku mama alikitazama kwa macho yake yote, mimba ikiwa bado tumboni. Kikafunga.

Mguu uliokolewa, ila kifundo kiligoma kukunjika. Leo Mwita ni fundi simu pale Tarime mjini, kazi ya kukaa, na akitembea unamjua kwa mbali.

Sasa sikiliza jambo linaloniumiza kuliko mguu. Walipotoka hospitali, kijiji kizima kilikuwa na habari yake: mama Mwita aliposema tu, kidonda kikapona. Hiyo ndiyo ilikuwa habari. Baba mkubwa aliisimulia kwenye misiba, mnadani, kwenye pombe. Wanawake wenye mimba walionywa kwa jina la mama yangu. Uongo aliousema ili mwanawe apone ukawa ushahidi kwamba walikuwa wamesema kweli. Baba alikuja kutoka Robanda na sukari yake, akaelezwa, akasema, "Basi, yamekwisha." Yalikuwa yamekwisha kwa nani?

Bibi peke yake ndiye aliyeniuliza. Nilikuwa nimemshika mkono nikimpeleka kuota jua, akasema, "Ghati, yale maji ulichemsha?" Nikamwambia hapakuwa na moto, bibi. Alisimama. "Mimi nilisema yachemke," alisema, na baada ya hatua kadhaa akasema tena. Alikufa kabla mvua za mwaka uliofuata, na siwezi kumkasirikia hata nikijaribu.

Mwaka jana baba mkubwa Chacha alitokwa na kidonda chini ya mguu. Ana kisukari. Alilazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na akaelekezwa kwamba kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku na mtu wa nyumbani. Mkewe yule wa zamani alishakufa. Mke mdogo ana mimba, kwa hiyo hakuruhusiwa hata kuingia chumbani. Wakatafuta mwenye mikono baridi. Na katika ukoo mzima, mwanamke mzee, mjane, aliyewahi kuuguza kidonda kikubwa, alikuwa mmoja.

Nilikuwa nyumbani siku mtoto wa baba mkubwa alipokuja na pikipiki kumchukua mama. Nilimwambia kijana yule maneno ambayo sitayaandika.

"Huendi," nilimwambia mama. "Mguu na uoze."

"Ukioza utanuka mpaka kwangu," mama alijibu, akiitafuta kanga yake. "Nyanyua hilo sufuria, twende."

Kule kwake mama hakukaribia kitanda. Aliwasha moto kwanza. Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Alinawa kwa sabuni hadi viwiko, akawaamuru wana wa baba mkubwa, madume yenye ndevu, nao kunawa, na wakanawa. Aliweka gozi mpya juu ya sahani iliyomwagiwa maji ya moto. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya ule mguu, akaweka mikono mapajani, akakaa tu.

"Mama Mwita, mbona hufungui?" baba mkubwa aliuliza.

"Nakungoja, shemeji. Kidonda hakiponi mpaka mwenye kosa aseme. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Alitazama dari. Alitazama wanawe. Mguu ulikuwa umeanza kutoa harufu ambayo mimi na mama tuliijua vizuri. Mwishowe alisema kwa sauti ya kumezea, "Hukukitazama."

"Sauti. Wanao wasikie."

"Hukukitazama!" alisema. "Ungekitazamaje? Dirisha lilikuwa upande wa migomba."

Mama aliinama, akaanza kuilowesha gozi ya zamani kwa maji ya chumvi, taratibu, ili isije ikang'oa nyama. Mimi nilitoka nje. Nilisimama karibu na banda la kuku. Miaka yote nilidhani mtu yule aliamini. Imani ningeweza kuivumilia, hata ile iliyotuumiza. Kumbe siku ile uani, wazee wakitikisa vichwa, yeye alilijua dirisha kama nilivyolijua mimi.

Nilimpigia Mwita simu palepale. Nilimweleza yote. Nikasikia mteja wake akiuliza kama kioo kimepona.

"Amelitaja dirisha?" Mwita aliuliza. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi alijua," alisema, na akakata simu.

Mama alikwenda kila siku, na kidonda cha baba mkubwa kimefunga. Bila shaka unajua kijiji kinasemaje. Kinasema mzee Chacha alipokiri, kidonda kikapona. Hakuna anayelitaja sufuria. Nimemwambia mama, nikiwa nalia kwa hasira, kwamba wamemnyang'anya mara ya pili. Yeye amecheka, akasema yule mke mdogo mwenye mimba sasa ndiye anayechemsha maji na kumfunga mumewe, na mzee hathubutu kumkataza. Kwa mama hilo linatosha. Mimi nimerudi Sirari kwenye vitenge vyangu, na kwangu halijatosha.